Maziwa ya Mikebe

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nane Mei, Sikukuu ya Kupaa, wakati Enos Yutzy ameketi uani kwa askofu anakula mkate uliopakwa jemu ya matufaha.

Siku hiyo bonde letu zima la Stony Run, la watu wa kanisa tusiotumia umeme wala gari, halifanyi kazi. Ng'ombe wanakamuliwa, maana ng'ombe hawajui sikukuu, halafu watu wanavaa nguo za kanisani, wanafunga farasi, wanatembeleana. Vijana walikuwa wanacheza mpira wa kugonga kwa gongo nyuma ya ghala. Wanawake walikaa kivulini na watoto wao. Enos alikaa mwisho wa benchi la wanaume, pale ambapo mgane hujikuta amefika bila kusukumwa na mtu. Alitazama nyuso zilizokuwa mezani, akaona pengo.

"Mahlon yuko wapi?" akauliza.

Mahlon Troyer alikuwa mkwe wa askofu, mume wa binti yake mkubwa, na chakula cha bure hakikuwa kitu cha kumpita.

"Farasi wake anazaa," akajibu Askofu Yost Gingerich bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Yule jike si alizaa Pasaka?"

"Ana majike wawili, Enos. Au unataka niwalete hapa wajitambulishe?"

Watu wakacheka. Enos akala.

Saa hizo hizo, katika mji mkuu wa jimbo, ukumbi ulikuwa wazi ili wananchi waseme wanalosema juu ya viwango vipya vya maziwa. Walikuja wenye mashamba ya ng'ombe maelfu, na mawakili wao. Walikuja wenye viwanda vya jibini. Jioni ukumbi ukafungwa, na ambaye hakusema akahesabiwa amekubali. Hayo yote Enos aliyajua baadaye, vipande vipande, na kila kipande alikipata kwa mtu ambaye alikuwa hataki kukitoa.

Kipande cha kwanza alikileta Dale, dereva wa lori la maziwa. Dale alikuwa Mwingereza, ndivyo tunavyowaita wote wasio wetu, hata kama babu zao walitoka Poland. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alirudi kinyumenyume hadi mlangoni pa chumba cha maziwa, akapakia mikebe ya chuma iliyojaa, akashusha mitupu, akatema tumbaku, akaondoka. Asubuhi moja ya Julai alipakia mikebe yote kabla ya kufungua mdomo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mzee Enos. Kuanzia Novemba, mikebe ndiyo basi."

"Basi kivipi?"

"Basi basi. Kiwanda hakitapokea mkebe wa mtu. Sheria imebadilika. Maziwa yatoke kwenye tangi, na tangi liwe na mashine ya baridi na mwiko unaokoroga wenyewe. Halafu yawe yameingia tangini kabla ya saa mbili kupita tangu umalize kukamua."

"Yangu yanapoa kabla ya hapo. Weka mkono kwenye maji uone."

Chumba cha maziwa kilijengwa juu ya chemchemi. Maji yalitoka ubavuni mwa kilima, yakapita kwenye hori la mawe, yakatoka upande wa pili, kiangazi na kipupwe, na mikebe ilisimama humo imezama hadi shingoni. Babu yake Enos ndiye aliyechonga yale mawe.

"Mkono niuweke wa nini?" Dale akasema. "Mkono wangu hauna cheti."

"Nani kaleta hii?"

"Wale watoto waliougua huko mjini. Hukusikia? Ah, nyie hamna redio. Kiwanda kile kikubwa cha chupa, mashine yao ya kuchemshia iliharibika. Badala ya kusimama wakaendelea kujaza chupa. Maziwa yakaenda mabichi mashuleni. Watoto wakalazwa."

"Wakakifunga?"

"Kiwanda?" Dale akacheka hadi tumbaku ikampalia. "Kiwanda kimepewa mkopo na jimbo, kinunue mashine mpya. Wewe ndiye umefungwa, mzee."

Akapanda lori lake. Enos alibaki mlangoni, harufu ya dizeli ikimpita, akajaribu kuiunganisha ile habari ikakataa kuungana. Mashine iliharibika huko. Mikebe ilikuwa hapa. Maziwa yake yalikuwa yanakwenda kwenye jibini, na kiwanda cha jibini nacho kilikuwa kinachemsha. Kati ya mashine ile na mikebe hii kulikuwa na mtu aliyechora mstari, na mtu hachori mstari mrefu namna hiyo bila sababu.

Agosti akaja Bi. Kessler, mkaguzi wa jimbo. Alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu na alimsalimia Lovina, binti yake Enos, kabla ya kumsalimia Enos mwenyewe. Akazamisha kipimajoto kwenye mkebe mmoja, akangoja. Akazamisha kwenye mwingine. Nje nyasi zilikuwa zimenyauka kwa jua.

"Yako sawa," akasema. "Kwa joto hili la leo, yako sawa kabisa."

"Basi."

"Basi sheria haiulizi yakoje leo, Bwana Yutzy. Inataka mashine inayoandika yenyewe joto la maziwa, usiku na mchana, hata mkiwa mmelala."

"Sisi tunalala. Chemchemi hailali."

"Najua." Akafuta kipimajoto taratibu. "Mimi nilikaa hospitalini na wazazi wa wale watoto. Mmoja figo zimekufa. Sitaki kukaa tena kwenye viti vile."

Enos aliona mama yule hasemi uongo. Lakini mtu anaweza kusema kweli na bado akawa ametumwa.

"Hakuna aliyekuja kutuuliza," akasema.

"Mliulizwa. Kikao cha Mei. Na mtu wenu alikuja, akasimama, akasema jamii yenu iko tayari, mtakuwa na kituo cha pamoja chenye tangi. Alizungumza vizuri sana. Watu walimpigia makofi."

"Mtu wetu nani?"

"Jina silikumbuki. Alikuwa na ndevu, na kofia nyeusi."

"Mama, hiyo ni nusu ya bonde. Nusu nyingine ni wake zao."

Bi. Kessler alitaka kucheka, akajizuia. "Kulikuwa na njia ya msamaha wa sheria," akasema, sauti imeshuka. "Kwa ajili ya imani. Kanisa lilipaswa kuomba kabla ya kikao kufungwa. Nilishangaa hamkuomba."

Alipoondoka, Lovina alitoka zizini na ndoo mbili.

"Baba, msamaha gani?"

"Kamua," Enos akasema.

Askofu alikuwa shambani anasimamisha miganda ya shayiri. Hakuacha kazi Enos alipofika, kwa hiyo Enos naye akainama, akashika miganda, wakawa wanafanya kazi bega kwa bega kama watu wanaopendana.

"Kwa nini hatukuomba msamaha?"

"Sisi hatugombani na serikali, Enos. Unalijua hilo tangu ubatizo wako."

"Kuomba si kugombana."

"Leo unaomba, kesho unadai, keshokutwa una wakili."

"Na aliyekwenda mjini siku ya Kupaa alikwenda kufanya nini?"

Mganda ulioshikwa na askofu ulibaki hewani kidogo kabla ya kutua.

"Nani alikwenda?"

"Nakuuliza wewe."

"Ndugu yangu," askofu akasema, na sasa alisimama wima, akaweka mkono begani kwa Enos, mkono mzito, mkavu. "Uchungu wa kumpoteza mkeo Saloma unakutafuna. Watu wanauona. Hata kanisani unavyoimba wanauona. Unatafuta wa kulaumu, na mtu akitafuta hakosi. Umeme Kanuni ya kanisa letu inaukataa, na sitaigeuza kwa ajili ya maziwa. Lakini kuna Mwingereza pale njia panda ya Kinu, Bwana Harlan. Ardhi ni yake, umeme ni wake, tangi ni lake. Sisi tutapeleka maziwa tu. Hatutakuwa tumevunja lolote. Mahlon atamsimamizia."

"Mahlon."

"Lazima awe mtu."

"Kutoka kwangu hadi njia panda, farasi anatumia saa moja na nusu. Barabara ikiwa kavu. Kufunga farasi na kupakia mikebe je?"

"Uamke mapema," askofu akasema, akarudi kwenye miganda yake.

Lakini haikuwa habari ya kuamka. Saa zilihesabiwa tangu ng'ombe, hazikuhesabiwa tangu jogoo. Enos alifika nyumbani akakumbuka jibu hilo, limechelewa kama majibu yake yote.

Septemba akaenda kukiona hicho kituo. Kuta zilikuwa mpya, zinanuka rangi. Tangi lilikuwa limewekwa katikati, linang'aa hadi ukajiona umefupishwa ndani yake. Enos hakulitazama sana. Alitazama sakafu. Ufa mwembamba ulikuwa umetoka kwenye kona ya mlango, ukapita chini ya tangi, ukaishia kwenye tundu la maji machafu. Ufa wa namna hiyo unaujua ukishaishi huku: ardhi ikiganda chini ya zege bichi lisilowekewa changarawe, inavimba, inapasua. Na ardhi ya bonde hili inaganda baada ya Krismasi.

"Sakafu mliimwaga lini?" akamuuliza Mahlon.

"Kiangazi hiki."

"Kiangazi hiki hakukuganda."

Mahlon alikuwa amevaa koti jeupe la plastiki juu ya shati lake, na kwa kweli lilimpendeza. "Enos, umekuja kutazama tangi au umekuja kulala chini?"

"Nauliza tu. Kikao kilikuwa Mei. Sheria imepita Juni. Sakafu imepasuliwa na baridi ya Januari."

"Na majike wangu wawili wamezaa wote," Mahlon akasema, akatabasamu. "Kama unataka kuuliza na hilo."

Enos aligeuka ili asiseme neno la dhambi, na ndipo akaiona. Ilikuwa ukutani karibu na mlango, nyeusi, na waya wake umejikunja chini yake.

"Hii ni nini?"

"Simu."

"Naona ni simu."

"Sheria inataka. Tangi likiharibika, fundi aitwe mara moja. Maziwa hayawezi kungoja. Baba mkwe ameiruhusu, mradi isitoke humu ndani."

Enos alisogea. Miaka mitatu nyuma, familia za upande wake wa bonde ziliomba simu moja, iwekwe kibandani kando ya barabara, mbali na nyumba zote, kwa ajili ya shida. Askofu alisema leo kibandani, kesho jikoni. Majira ya baridi yaliyofuata Saloma alianguka kwenye chumba cha maziwa, mkononi ana brashi ya kuoshea mikebe. Alikuwa anapumua. Alikuwa anamwangalia. Enos alikimbia kwenye theluji iliyofika magotini hadi kwa Mwingereza wa kwanza, mlango umefungwa, wamesafiri. Akakimbia hadi kwa wa pili. Gari la wagonjwa lilipofika, vijana waliokuja nalo walivua kofia zao mlangoni hata kabla ya kuinama.

Akainua mkono, akaishika ile simu ya ukutani. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

"Unataka kumpigia nani?" Mahlon akauliza, na safari hii hakuwa na kejeli, aliuliza tu.

Enos akairudisha mahali pake.

Oktoba kanisa lilikaa kikao cha umoja, kama kila mara kabla ya Meza ya Bwana. Kanuni zilisomwa, ya zamani na ile mpya iliyoongezwa, kwamba maziwa yapelekwe njia panda. Kisha shemasi akapita safu kwa safu akimwinamia kila mmoja na kumuuliza kwa sauti ndogo kama ana umoja na kanisa. Mmoja akikataa, Meza haiandaliwi. Meza isipoandaliwa, ndoa hazitangazwi. Lovina alikuwa amekaa upande wa wanawake, mgongo umenyooka, na kila mtu alijua nani angemwoa, ingawa hakuna aliyeruhusiwa kujua. Kitambaa cha bluu cha gauni la arusi kilikuwa tayari kimekunjwa kwenye sanduku la mama yake.

Shemasi alifika. Alinuka sabuni na mchuzi.

"Una umoja, Enos?"

Alitazama mbele. Shingo ya Mahlon ilikuwa mstari wa mbele yake, nyekundu, imenyolewa vizuri. Haikugeuka. Masikio ndiyo yaliyokuwa yanangoja.

"Ninao," Enos akasema.

Shemasi akamwinamia jirani yake. Ikawa imekwisha. Mtu alikohoa, mtoto akapewa biskuti anyamaze. Baadaye, Bi. Kessler alipouliza tena kama jamii ilikubali, aliambiwa hapakuwa na hata mmoja aliyepinga, na hiyo ilikuwa kweli.

Arusi ilifanyika Novemba, watu wakala kuku na figili za kuchemsha, wakaimba hadi jioni. Kwa desturi maarusi hukaa kwa baba wa mke hadi majira ya kuchipua, lakini kila mwisho wa wiki huzunguka kwa ndugu kukusanya zawadi, na kwa hiyo siku nyingi Enos alibaki na ng'ombe peke yake. Alijaribu. Aliamka, akakamua, akapakia mikebe kwenye gari, akamfunga farasi wake mzee, akashika barabara. Theluji ilipoanza, akabadilisha magurudumu kwa vyuma vya kuteleza. Mikebe iligandwa na barafu ubavuni. Ndevu zake ziligandwa na barafu. Alifika njia panda, na Mahlon akatazama saa ya ukutani.

"Umechelewa."

"Pima."

"Sina haja ya kupima."

"Pima, nakuambia. Haya maziwa ni baridi kuliko roho yako."

Mahlon akapima, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Ni baridi, ndiyo. Baridi nzuri kabisa. Tatizo si baridi, Enos. Tatizo ni saa. Yalipaswa kuingia kwenye tangi kabla ya saa mbili kwisha. Nikiyachanganya, jimbo linaweza kumwaga tangi zima, maziwa ya watu wote. Unataka niwafanyie hivyo akina Amzie? Akina Rudy?"

Akina Amzie na Rudy walikuwa pale pale, wanashusha mikebe yao. Wote walikaa karibu na njia panda. Waliendelea kushusha. Rudy alimpigapiga farasi wa Enos shingoni, kwa huruma, kisha akaondoka bila kumtazama mwenye farasi.

"Niuzie ng'ombe," Mahlon akasema wakiwa wawili. "Wote. Kule kwangu ni hatua chache na kituo. Mnadani sasa wanawachukua kama nyama, kila mtu wa mikebe anauza. Mimi nitawachukua kama ng'ombe."

"Ulijua tangu lini utanitajia hilo?"

"Umeanza tena."

"Sakafu hii inajua."

"Sakafu!" Mahlon akarusha mikono. "Watu wananiuliza kama umerukwa na akili, nawaambia hapana, amefiwa. Usinifanye muongo."

Enos akarudi na mikebe imejaa. Farasi alihisi uzito haujapungua, akawa anageuza kichwa nyuma kila kilima.

Maziwa ya kwanza walipewa nguruwe. Nguruwe walikunywa, wakashiba, wakaanza kuyalalia. Ndama walikunywa hadi wakaharisha. Lovina alipokuwepo alitengeneza jibini, yakajaa kwenye rafu za chumba cha chini ya nyumba, manene na ya njano, na siku Enos alipoyapeleka sokoni kwa Waingereza mtu mmoja mwenye adabu alimuuliza leseni. Akayarudisha. Wakala jibini asubuhi, mchana na jioni, mpaka mume wa Lovina akawa anasali kabla ya chakula kwa sauti ya kukata tamaa.

"Baba, tuwakaushe," Lovina akasema siku moja. "Tuwapunguzie chakula, tukamue mara moja, taratibu watakauka."

"Wakikauka ni nyama."

"Ndiyo sasa si nyama?"

Akaenda kuwatazama ng'ombe. Wengi walikuwa wamezaa juzi tu, viwele vimejaa hadi mishipa imesimama. Kuwakausha wakati huo ni kuwatafutia uvimbe na usaha. Na zaidi ya hapo, ng'ombe waliokauka Mahlon angewapata kwa bei ya ngozi. Enos aliliona hilo waziwazi, kama aliyeandikiwa.

Kwa hiyo akamwaga. Nyuma ya zizi ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, haikupokea kitu. Maziwa yalitandaa juu ya theluji, yakatafuta mteremko, yakauona. Meupe juu ya meupe, hukuyaona yakienda. Uliyaona yalipofika kijito, pale maji meusi yalipokuwa bado yanapita kati ya barafu. Hapo yalifanya wingu.

Februari gari la jimbo lilikuja mchana. Alishuka Bi. Kessler, na kijana mmoja wa idara ya maji mwenye chupa ndogo kwenye kisanduku, na kutoka kiti cha nyuma akashuka Mahlon Troyer. Alikuwa mwakilishi wa jamii, ndivyo walivyomwita sasa.

Kijana akashuka hadi kijitoni, akajaza chupa zake, akapanda anahema.

"Bwana Yutzy," akasema, "maziwa yanaua mto. Yanakula hewa iliyomo majini. Kule chini wamekuta samaki wamekufa. Ni kosa la faini, na ukirudia ni mahakama."

"Nani amewaambia?"

"Hilo hatusemi."

Enos alimtazama Mahlon. Mahlon alikuwa anatazama paa la zizi, kama mtu anayekadiria mbao.

"Kwenye mkebe si chakula," Enos akasema. "Kwenye mto ni sumu. Haya ni maziwa gani haya, mama?"

"Bwana Yutzy." Bi. Kessler alikuwa amekonda tangu Agosti. "Sitaki kukuandikia faini. Kweli sitaki. Niahidi tu hutamwaga tena. Popote. Hata tone."

"Shambani?"

"Ardhi imeganda, yatateremka," kijana akasema.

"Shimo?"

"Shimo linahitaji kibali, na kibali hakitolewi kipupwe."

"Nguruwe wamegoma."

Mahlon akakohoa. "Kuna njia, Enos. Nilishakuambia njia. Hata leo jioni naweza kuleta watu tuwaswage ng'ombe."

"Ningejua siku moja serikali itasimama uani kwangu upande huu na kanisa upande ule," Enos akasema, "ningeoga."

Hakuna aliyecheka. Ndani ya zizi ng'ombe mmoja akalia, mlio mrefu wa chini, na mwingine akamjibu, kisha wote. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Kinu, na walijua ni wakati wao. Lovina alitokea mlangoni, mikono imekunjwa, ndoo mbili tupu miguuni pake.

"Baba," akasema. "Wanavuja. Nianze?"

Enos hakugeuka. Aliwatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, kama shemasi.

"Wasipokamuliwa wataugua," akasema, "na nina hakika mna sheria ya hiyo pia. Kwa hiyo watakamuliwa. Binti yangu anangoja. Niambieni."

Bi. Kessler akamtazama kijana wa maji. Kijana akafunga kisanduku chake, akakifungua, akakifunga tena. Mahlon akajifuta theluji kwenye kiatu ambacho hakikuwa na theluji. Ng'ombe walikuwa wanalia sasa bila kupumzika, na Enos akapandisha sauti kidogo ili isikike juu yao, akauliza polepole, kama anayemuuliza mtoto mdogo:

"Ya leo jioni. Niyaweke wapi?"